Mzee wa Ukutani

Jina la nchi hiyo silitaji, na wala si kwa woga. Wakati naandika habari hizi jina lilikuwa limepelekwa Wizarani kusafishwa, na lilikuwa bado halijarudi. Inatosha kujua kwamba ni nchi yenye watu wazuri sana, hasa ukiwaona katika picha.

Uzuri huo haukuja wenyewe. Zamani, kabla ya Sheria ya Heshima ya Uso, watu wa nchi hiyo walikuwa wakipigwa picha ovyo, kila mtu na sura aliyoamka nayo. Ikatokea siku mgeni mmoja mashuhuri kutoka ng'ambo akafunua gazeti pale Ikulu, akaona picha ya umati uliokuja kumlaki, akamwuliza Mkuu wa Nchi kwa upole, "Hawa wanaumwa nini?"

Mkuu hakugusa chakula chake cha mchana. Muda si mrefu ikaundwa Wizara ya Mwonekano, na sheria ikapitishwa kwa shangwe: picha ya mtu isitoke studio mpaka isafishwe kwenye kompyuta. Makunyanzi yaondolewe, macho yatiwe nuru, mashavu yajazwe kiasi cha kumshibisha anayetazama. Picha mbichi, yaani ile iliyotoka kwenye kamera kabla haijaguswa, ifutwe siku hiyo hiyo. Kukutwa na picha mbichi likawa kosa la kundi moja na kukutwa na bangi.

Mafanikio yalionekana haraka. Ripoti ya afya ya mwaka ule, iliyotayarishwa kwa kutazama picha za vitambulisho, ilithibitisha kwamba utapiamlo umekwisha.

Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ilitoka kwa wananchi wenyewe. Picha zao zilibaki nzuri, lakini wao waliendelea kuzeeka. Serikali ikaanza kuwatilia shaka. Kwa nini mtu apewe sura nzuri na Serikali yake, halafu atembee na nyingine? Anamficha nani? Katumwa na nani? Polisi wakaagizwa kwamba wakikuta uso na kitambulisho havifanani, waamini kitambulisho, maana kitambulisho kina muhuri na uso hauna.

Mimi sioni ubaya wowote katika agizo hilo. Nasimulia tu lililomfika Bi Khaltumu.

*

Bi Khaltumu alikuwa mpiga picha, mwenye studio yake karibu na soko kuu la mji mkuu. Katika kusafisha picha hakuwa na mwenzake. Wengine walikuwa wakilainisha ngozi mpaka mtu anafanana na sahani. Yeye aliacha kivuli hapa, mstari mdogo pale, ukaamini. Alikuwa akisema kwamba uongo ukikosa vitundu vya vinyweleo haupendezi.

Aliishi na baba yake, Mzee Idarusi, mwokaji mikate wa zamani. Joto la tanuri lilikuwa limemwachia baka kubwa la kuungua kwenye shavu la kushoto, kope moja lilikuwa limelegea, na pengo la meno ya mbele lilimfanya apulize mluzi kila akitamka herufi ya S. Bi Khaltumu alipompiga picha ya kitambulisho alifanya kazi yake kama kawaida, na kwa kuwa alikuwa baba yake, akazidisha upendo. Baka likaondoka. Kope likainuka. Meno yakaota. Shingo ikanyooka kama ya mtu aliyesomea nje. Kisha akaifuta ile mbichi, kama sheria inavyotaka.

Picha ile ikawafikia wakubwa Wizarani, wakaipenda mno. Waziri wa Mwonekano, Mheshimiwa Aristarko Pongwa, akaamuru ichapishwe kubwa na kubandikwa kila posta, kila zahanati na kila shule, juu ya maneno UZEE MWEMA UNAWEZEKANA. Watu wakazoea kumwita aliye pichani Mzee wa Taifa. Bi Khaltumu akavishwa Nishani ya Ngozi Laini mbele ya kamera. Mzee Idarusi naye alikuwepo katika sherehe hiyo, lakini aliombwa akae nyuma ya pazia asije akachanganya watu.

Miaka ikapita. Mzee wa ukutani akabaki vilevile. Mzee wa nyumbani akaanza kusahau. Alisahau kwanza majina ya majirani, kisha njia ya msikitini, kisha jina la binti yake, akawa anamwita "mama" kwa adabu kama anavyomwita muuza duka. Asubuhi moja, Bi Khaltumu akiwa anampanga bwana harusi mbele ya taa, mzee akavaa koti lake akatoka kwenda kuwasha tanuri la kiwanda kilichobomolewa zamani. Hakurudi.

*

Bi Khaltumu alimtafuta sokoni, hospitali na kwenye uwanja uliobaki pale kilipokuwa kiwanda. Alipokosa, akaenda kituo cha polisi akiwa na picha pekee ya baba yake aliyokuwa nayo, maana zote nyingine zilikuwa nakala za hiyo hiyo.

Alipokelewa na Inspekta Mashimba, mtu mpana mwenye sauti ya taratibu na macho yaliyozoea kutosadiki. Akaitazama ile picha, akamtazama Bi Khaltumu, akageuka kuutazama ukuta nyuma yake ambako mzee yule yule alikuwa akitabasamu.

"Mama, unaniambia huyu kapotea?"

"Ndiyo, afande."

"Huyu hawezi kupotea. Yuko kila ofisi."

"Huyo ni baba yangu, afande. Katoka nyumbani hajarudi. Ni mgonjwa, anasahau."

"Mgonjwa?" Inspekta akanyanyua nyusi. "Mzee wa Taifa mgonjwa? Hayo maneno umeshayasema kwa mtu mwingine yeyote?"

Bi Khaltumu akasema hapana. Akajaribu kueleza kwamba kwa kweli, ukimwona, haonekani hivyo. Ana baka shavuni. Ana pengo. Kila alipotaja alama, Inspekta alizidi kumtazama kwa jicho la pembeni.

"Nisikilize, mama. Hapa naona shavu zima. Hapa naona meno yote. Wewe unanipa sura ya mtu mwingine nikamtafute kwa jina la huyu. Ningekuwa mtu wa kukushuku, ningekushuku."

Hata hivyo Serikali ile haipuuzi mwananchi. Askari wakatawanywa mjini, kila mmoja na nakala ya picha. Haukupita muda Bi Khaltumu akaitwa kituoni kwa furaha kubwa. Baba yake alikuwa amepatikana.

Kwenye benchi alikaa mzee mrefu, shingo imenyooka, meno yote, ngozi nzuri ya mtu aliyekula mboga maisha yake yote. Alifanana na picha kiasi cha kutisha. Bi Khaltumu hakuwahi kumwona maishani mwake.

"Shikamoo," akamwamkia, kwa kuwa ni mzee.

"Marahaba, binti yangu," yule mzee akajibu, na akamtupia Inspekta jicho kama mwanafunzi anayetaka kujua kama kapatia.

"Umesikia?" Inspekta akasema. "Kakutambua."

"Afande, huyu si baba yangu."

Karani mmoja akaacha kupiga chapa.

"Unamkana mzazi wako," Inspekta akasema polepole, "ambaye Serikali imekwisha kumtambua? Sasa nitakuuliza, mama, na ujibu ukijua nimekuuliza. Kwa nini hutaki apatikane?"

Bi Khaltumu akaelewa mahali alipofika. Akaweka sahihi, akamshika yule mzee mkono, wakatoka naye.

*

Mzee yule alikuwa mgeni mwema, na hilo ndilo lililomtia Bi Khaltumu wasiwasi zaidi. Alitandika kitanda mwenyewe. Alisifu chakula. Alisikiliza kuliko alivyosema. Kabla ya kula aligusa paji la uso, kifua na mabega, kisha akakumbuka nyumba aliyomo, akajifanya anajikuna. Kila wiki alivaa vizuri akaaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu, na Bi Khaltumu alipomfuata kwa mbali alimwona akiingia kituo cha polisi.

Basi akajua kaletewa sikio nyumbani. Akaacha kuongea na simu sebuleni. Akawa anasema kwa sauti, hata akiwa peke yake jikoni, kwamba Mheshimiwa Waziri ni kiongozi mwenye maono. Mzee naye, kwa upande wake, akaanza kulala na viatu. Majirani, walioona wazi kwamba si Mzee Idarusi, walimwamkia Mzee Idarusi kila asubuhi kwa sauti ya juu ili wengine wasikie. Kila mtu mtaani alimshuku mwenzake kwamba anajua.

Ikaendelea hivyo mpaka Bi Khaltumu akachoka. Siku moja baada ya chakula cha mchana akafunga mlango na dirisha, akaketi mbele ya mzee.

"Mzee, mimi sikujui na wewe hunijui. Niambie umetumwa kuandika nini juu yangu."

Mzee akaweka kikombe chini.

"Nimetumwa kusema kama unaniheshimu," akasema. "Wananiuliza, je, anakuita baba? Nasema anajitahidi. Wananiuliza, analalamika? Nasema chumvi tu ndiyo huwa inapungua. Binti yangu, nisamehe, lakini hiyo ya chumvi ilikuwa kweli."

"Wewe ni nani?"

"Bonifasi Chilewa. Kwetu ni mbali, kule milimani. Nilikuja mjini kumwuguza dada yangu. Nikasimama chini ya picha ile posta, nangoja zamu yangu, askari akanitazama mimi, akaitazama picha, akanishika. Nikasema mimi ni Chilewa. Wakakitoa kitambulisho changu. Picha yangu ya kitambulisho, ukiiona, imesafishwa ovyo, nimekuwa kama kijana wa kwaya. Wakasema sifanani na Chilewa hata kidogo. Nafanana na Mzee wa Taifa. Wakanipa kuchagua, niwe mzee wa watu au niwe mwizi wa kitambulisho cha Chilewa. Mke wangu hajui nilipo."

Bi Khaltumu alimtazama kwa muda, akitafuta mahali pa kuendelea kumshuku, asipaone.

"Walikuweka wapi kabla ya kukuleta kwangu?"

"Nyumba ya Uhakiki. Nyuma ya kituo. Wamejaa mle watu wasiofanana na kadi zao. Kuna mama mmoja alinenepa tu baada ya kujifungua, yuko mle. Kuna mzee pembeni yangu, maskini, hata jina lake halijui. Akipewa ugali hauli, anaukanda. Anaukanda, anaukunja, anauweka pembeni uumuke."

Bi Khaltumu alisimama, akakaa tena.

"Ana baka hapa?" akauliza, mkono shavuni.

"Hapo hapo. Alikutwa na kitambulisho cha Mzee wa Taifa mfukoni. Wanasema kakiiba."

*

Inspekta Mashimba hakukataa. Alimpeleka mwenyewe mpaka Nyumba ya Uhakiki, akafungua mlango, akasema, "Mwizi wetu huyo. Kama unamjua, nitataka kujua unamjuaje."

Mzee Idarusi alikuwa amekaa sakafuni kwenye kipande cha jua, koti limekunjwa vizuri kando yake. Alikuwa amepungua. Alimtazama binti yake kwa adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mkate bado. Rudi baadaye kidogo."

Bi Khaltumu akamgeukia Inspekta.

"Afande, huyu ndiye. Ile picha niliisafisha mimi. Baka nililitoa mimi, meno nimeyachora mimi. Muulize yeyote mtaani."

"Nimewauliza. Wote wanasema Mzee Idarusi yuko nyumbani kwako na wanamwamkia kila siku." Inspekta akapunguza sauti, na kwa mara ya kwanza ikawa kama sauti ya mtu anayeshauri. "Mama, mimi siwezi kuleta picha kwa mtu. Lakini wewe ni fundi. Lete mtu kwa picha. Poda, rangi ya nywele, meno ya bandia. Akifanana na kadi hata kwa muda wa kupita pale mezani, nafungua mlango. Siulizi."

Kwa mtu wa Serikali, hiyo ilikuwa huruma, na Bi Khaltumu aliipokea. Kesho yake akaja na mkoba wake wa vipodozi. Akampaka baba yake poda juu ya baka, tabaka baada ya tabaka. Akalibana kope kwa gundi ya nyusi. Akamtia meno. Mzee alikaa kama mteja, akimwinulia kidevu kila alipoombwa. Fundi ni fundi. Shavu likawa zima, shingo ikafungwa skafu ikanyooka, tabasamu likakaa.

Alipomaliza akarudi nyuma kumtazama. Mbele yake alikaa Mzee wa Taifa. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya koti, Bi Khaltumu aliona kwamba baba yake amepotea kweli. Hakujua hata amtazame wapi. Pote alipozoea kumsoma, kama ana njaa, kama ana hofu, kama anatania, alikuwa amepapaka rangi kwa mkono wake.

Akachukua kitambaa na maji, akamfuta taratibu, mpaka baka likarudi, na pengo, na lile jicho lenye usingizi.

"Sasa afadhali," mzee akasema, akipuliza mluzi. "Yale mambo ya shingoni yalikuwa yananikaba."

*

Bahati ilitaka kwamba siku zile kulikuwa na Tume.

Chanzo chake kilikuwa picha ya pamoja ya Baraza la Mawaziri, ambayo ilisafishwa kwa ari mpaka mawaziri wote wakafanana. Matokeo yake Waziri wa Maji alifukuzwa kazi kwa makosa ya Waziri wa Barabara, na Waziri wa Barabara akapewa nishani ya visima. Ndipo Mkuu wa Nchi akaunda Tume ya Kiasi, ichunguze swali moja: picha isafishwe mpaka wapi ndipo iwe imezidi? Mwenyekiti akawa Mheshimiwa Pongwa mwenyewe, ili pasiwe na mtu wa kumlaumu mwingine. Wananchi walialikwa kutoa maoni, na waliofika wote walitoa maoni kwamba hawana maoni.

Bi Khaltumu akaenda. Nishani yake aliivaa. Mzee Chilewa akasema atakwenda naye.

"Watakufunga," Bi Khaltumu akamwambia.

"Wakinifunga kwa jina langu, mke wangu atajua pa kuniulizia."

Ukumbi ulikuwa umejaa maofisa. Mheshimiwa Pongwa alifungua kikao kwa hotuba ndefu, na kwa kuwa ilikuwa nzuri nitanukuu kidogo.

"Ndugu wajumbe," alisema, "maadui zetu wanatuuliza, je, picha ni kweli? Nami nawajibu, kweli ni nini kama si picha iliyopitishwa? Uso wa mwananchi ni malighafi. Nchi zinazouza malighafi bila kuzichakata, ndugu wajumbe, hubaki maskini!"

Makofi yakapigwa. Kisha Bi Khaltumu akaitwa, akasimama, akasema moja kwa moja kwamba Mzee wa Taifa hayupo. Kwamba yeye ndiye aliyemtengeneza, kwa kumpenda baba yake na kumwonea haya kwa wakati mmoja. Kwamba baba yake mwenyewe amefungwa kwa kosa la kujiiba.

Mheshimiwa hakukasirika. Alitabasamu kwa masikitiko, kama daktari.

"Bibi, una picha mbichi ya kuthibitisha?"

"Niliifuta, Mheshimiwa. Sheria ilitaka."

"Basi hapo umetii sheria, nakupongeza. Na kwa kuitii, huna ushahidi. Na huyu uliyefuatana naye, ambaye sote tunamwona ni Mzee wa Taifa, anasemaje?"

Mzee Chilewa akasimama. Ukumbi ukavuta pumzi, maana kweli alifanana.

"Nasema mimi ni Bonifasi Chilewa, mkulima wa viazi. Nimekula vizuri kwa huyu binti na amenitunza. Lakini sikumzaa, na kila anaponiita baba naona kama ninakula sahani ya mwenzangu."

Minong'ono ikaanza. Wajumbe wakawa wanatazamana, kila mmoja akitaka kuona mwenzake anaamini nini kabla hajaamini yeye. Mheshimiwa akaona kikao kinamponyoka, akaagiza mwizi aletwe. Mtu asiyejua jina lake, aliona, hawezi kuwa na hoja.

Inspekta Mashimba akamleta Mzee Idarusi, kamshika kiwiko. Mbele ya meza kuu palisimamishwa ile picha kubwa ya posta, fremu ya dhahabu. Utaratibu wa Tume ulikuwa kwamba kila shahidi aonyeshwe picha yake na kuulizwa kama ni yeye, na mpaka siku hiyo kila shahidi alikuwa amejibu ndiyo, tena kwa kuwahi.

"Mzee," Mheshimiwa akasema kwa sauti ya kubembeleza, "mtazame vizuri huyu. Unamjua?"

Mzee Idarusi aliisogelea picha. Akaitazama usoni kwa utulivu kabisa. Hofu ilikuwa mojawapo ya mambo aliyokuwa amekwisha kuyasahau.

"Simjui," akasema. Akaendelea kutazama. "Lakini huyu hajawahi kuwa na mtoto. Mtu mwenye mtoto hawi hivi."

Nyuma kabisa mtu mmoja akacheka, kisha akakohoa ili ionekane alikuwa akikohoa. Mjumbe mmoja mzee akagusa shavu lake mwenyewe bila kujijua. Bi Khaltumu alikuwa amekaa, kainamisha kichwa, na nishani ilikuwa mkononi, haikuwa tena kifuani.

*

Uamuzi ulitoka baada ya mapumziko ya chai, na ulikuwa wa hekima. Tume iliona kwamba ile picha si ya mtu yeyote, ni ya Taifa kwa jumla. Kwa kuwa si ya mtu, hakuna aliyeigiza, hakuna aliyeiba, na hakuna aliyedanganya. Mzee Idarusi aachiwe kama mtu asiye na picha. Bonifasi Chilewa arudishwe kwao kabla hajafanana na mwingine. Kuhusu lile swali la kiasi, Tume ilieleza kwamba picha itahesabiwa kuwa imezidi kusafishwa pale mhusika atakapolalamika, na kwamba kulalamika kutahitaji kibali cha Wizara.

Bi Khaltumu alinyang'anywa nishani. Studio yake haikufungwa, maana Serikali ile haipendi kuonekana inafunga. Alikatazwa tu kupiga picha za watu. Leseni mpya ilimruhusu kupiga vyombo, milango, samani na mifugo.

Mzee Chilewa aliondoka asubuhi. Alimshika Bi Khaltumu mkono kwa muda mrefu, akamwambia atamtumia viazi, na akamwonya tena kuhusu chumvi. Mzee Idarusi alimsindikiza mpaka barabarani akidhani ni mteja wake wa siku nyingi.

Bi Khaltumu akabaki na baba yake, kamera na viti. Siku za mwanzo alipiga picha za makabati ya watu. Kisha akaja mama mmoja mnene, akaingia, akatazama nyuma yake, akarudisha mlango.

"Nimeleta kiti," akasema. "Nataka kipigwe picha."

Kilikuwa kiti cha kawaida cha jikoni. Yule mama akakiweka mbele ya taa, akakikalia, akaweka mikono mapajani.

"Kipige kilivyo," akasema kwa sauti ya chini. "Usikisafishe."

Bi Khaltumu akamtazama kwa mashaka. Huenda katumwa. Huenda nje kuna gari. Lakini mama yule alikuwa akitokwa na jasho la kweli, na kwenye paji lake la uso palikuwa na mistari ambayo hakuna mpelelezi angeweza kuiazima. Akapiga.

Baada ya hapo viti vikaja kwa wingi. Vigoda, makochi, benchi la familia nzima. Wizara ikaandika katika taarifa yake kwamba wananchi sasa wanathamini samani, ikapongeza sera zake. Bi Khaltumu hakuacha kushuku hata mteja mmoja, na kila mteja alimshuku yeye, lakini waliendelea kuja.

Mchana mmoja mlango ukafunguliwa akaingia Inspekta Mashimba. Alikuwa amevaa sare kamili. Bi Khaltumu akaweka kamera mezani, akavaa viatu, maana hakutaka kukamatwa pekupeku.

"Vua tu," Inspekta akasema. "Nimekuja kwa ajili ya kiti."

Nyuma yake, taratibu, akiegemea mkongojo, akaingia bibi kizee mdogo mwenye khanga ya sikukuu. Alikuwa amekonda. Unyayo mmoja ulikuwa umevimba, na pumzi ilimpa tabu. Inspekta akamkalisha kama anayeweka yai.

"Mama yangu," akasema. "Madaktari wamesema hana muda mrefu. Nyumbani nina picha zake nyingi. Juzi nimezipanga zote mezani nikazitazama. Hata moja siyo yeye. Mpige alivyo. Kila kitu. Hiyo chunjua puani, niliichezea nikiwa mtoto. Usiguse kitu."

Bi Khaltumu akawasha taa. Akamrekebishia bibi khanga begani, akarudi nyuma ya kamera.

"Mwanangu," bibi akamwita Bi Khaltumu, akimpungia mkono asogee. "Njoo nikwambie. Hii chunjua, je, unaweza kuitoa?"

"Mama, hapana!" Inspekta akaruka. "Isiguswe! Nimekwisha kumwambia."

"Nimekaa nayo tangu usichana wangu. Kila mtu kanitazama pua kabla ya macho. Picha zile walinitia na macho ya mtu mwingine. Safari hii moja nataka nitazamwe macho yangu."

"Lakini mama, bila hiyo si wewe!"

Bibi akamgeukia mwanawe, akamtazama juu hadi chini, kofia, vifungo, mkanda na bastola.

"Uso huu," akamwuliza, "ni wangu au ni wako?"

Inspekta Mashimba alikuwa mtu aliyeuliza maswali maisha yake yote, na hili hakuwa amewahi kuliuliza. Akavua kofia akaishika kwa mikono miwili, na wote wawili, yeye na Bi Khaltumu, wakasimama wakimngoja bibi aseme picha yake iweje.